Picha za kutuamsha juu ya telefone zitoke kwenye telefone, ziende ukutani

Bwana Mhariri,

Pokeeni salamu kutoka komini ya Kenya, moja ya mitaa ya mji wetu hapa Lubumbashi. Nimekuwa nafuata kwenye gazeti lenu barua za ba mama wanaolia juu ya watoto wasiolala usiku sababu ya telefone, na nilisoma pia jibu la yule papa mwalimu anayesema dawa ni kupokonya tu, mtoto asishike telefone mpaka apate diplome ya Leta. Naheshimu maneno yao wote, yule papa anaona watoto wanasinzia mbele yake kila asubuhi, ana haki ya kukasirika. Ila kuna upande mmoja sijaona mtu anaugusa na ni upande wa kazi yangu. Mimi ni grafisti, nafanya afishi, vibao vya maduka, ba banderoli za kanisa, mialiko ya ndoa, na ninachotaka kusema ni hiki: ile telefone inayotushika imechorwa, rangi yake, alama zake, vile inavyoteleza chini ya kidole, vyote ni kazi ya watu wanaojua kuchora, kwa hiyo kuchora kunaweza kutusaidia kujinasua pia, lakini hizo picha lazima zitoke kwenye telefone ziende kwenye kuta zetu, kwa Kiswahili chetu, kwa mikono ya wachoraji wetu.

Nieleze kwanza vile inavyotushika, juu wengi wanafikiri ni uvivu wa vijana tu. Chukua ile alama nyekundu ndogo yenye namba inayokaa juu ya WhatsApp ama Facebook. Tristan Harris, Mmarekani aliyefanya kazi Google na baadaye akaanza kupigana na mambo haya, alisimulia kwamba mwanzoni ile alama ya Facebook ilikuwa bluu sawa na rangi ya kampuni, watu wakawa wanaipita tu, halafu ikabadilishwa ikawa nyekundu na hapo njo kila mtu akaanza kuibonyeza. Sisi ba grafisti hatushangai. Ukiweka doa moja jekundu kwenye ukurasa mweupe, jicho linaenda pale kabla akili haijaamua kitu. Na ukiona namba 3 pale juu huwezi kujua kama ni mama yako yuko mgonjwa kule Kamina ama ni mtu wa grupu ametuma picha ya maua ya kusema bonjour, rangi ni ileile, ukubwa ni uleule, basi unafungua zote.

Halafu kuna ule ukurasa usio na mwisho. Zamani kwenye intaneti ulikuwa unafika chini, unakuta namba, ukurasa wa 2, wa 3, lazima ubonyeze, na pale kwenye kubonyeza akili ilikuwa inapata nafasi ya kujiuliza, naendelea ama naenda kulala? Mwaka 2006 Aza Raskin, mtoto wa yule Jef Raskin aliyeanzisha kazi ya kompyuta ya Macintosh pale Apple, akatengeneza njia ya ukurasa kujiongeza wenyewe chini kila unapokaribia kufika. Baadaye alijuta waziwazi, akasema mbele ya waandishi wa habari kwamba anaona uchungu juu ya kile alichokifanya. Na kile kitendo cha kuvuta ukurasa kwa kidole ili vitu vipya vije, ni Loren Brichter, mtengenezaji wa programu, aliyekibuni kwa programu yake ya kusomea Twitter, leo kiko kila mahali. Unavuta, unangoja kidogo, kinaweza kuja kitu kitamu, kinaweza kisije kitu. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alishaonyesha zamani sana kwa njiwa na panya kwamba mnyama anayepewa chakula kwa bahati, mara kinakuja mara hakiji, anabonyeza bila kuchoka kuliko yule anayepewa kila mara. Ongeza zile alama mbili za bluu ambazo WhatsApp ilileta 2014, sasa shemeji akijua umesoma na hujajibu inakuwa kesi ndani ya familia. Kijana wa Katuba anayevuta ukurasa saa nane ya usiku anastahili kuelezwa haya yote, ajue kwamba kuna watu wa mshahara mkubwa waliokaa kwenye ofisi wakafikiri siku nyingi namna ya kumfanya asitoke. Akijua hivyo anaacha kujidharau, na mtu asiyejidharau unaweza kuongea naye.

Kwa hiyo tuache pia kuwaita watu wagonjwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeweka tatizo la michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa, ile ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini telefone yenyewe haimo mule. Afishi inayoandika kwa herufi kubwa kwamba una ugonjwa wa telefone inasema kitu ambacho OMS yenyewe haijakisema, na mwenye kusoma anajiambia huyo si mimi, anaendelea na safari yake.

Na tusijidanganye, telefone kwetu ni kitu cha kazi. Umeme ukikatika ni taa. Mama anayeuza makala pale Katuba anapokea pesa kwa telefone, mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu, anasoma silabusi kwenye telefone juu kuipiga fotokopi yote hana uwezo, bibi yangu mwenyewe anaongea na dada yake wa Kalemie kila Jumapili, zamani walikuwa wanangojana kwa miaka. Yule papa mwalimu akisema ipokonywe, ni nani atakayemwangazia mtoto afanye devwari giza likiingia? Ninachopigania mimi ni vitu vichache tu: kulala, kula pamoja, na mtoto kupata uso wa mzazi wake. Nikianza kupigania zaidi ya hapo hakuna atakayenisikiliza, na nafikiri atakuwa na haki.

Usiku njo shida yenyewe. Forfe za usiku, yaani mega za intaneti za kutumia usiku tu, zinakuwa bei ya chini, kwa hiyo vijana wanangoja saa sita ipite njo waanze kutelesharje video na kucheza, wengine wanajipanga kama watu wa timu ya usiku kiwandani, wanalala saa kumi na moja wakati mama anaamka kuwasha mbabula. Sitaki kusema kwamba mega za bei ya chini ni mbaya, maskini naye anahitaji mega. Ila mtoto wa miaka kumi na nne hajui kwamba anazilipa kwa usingizi wake, hakuna mtu aliyemwandikia hivyo mahali popote, wakati promosyo yenyewe ameandikiwa kwenye parasoli, kwenye ukuta, kwenye redio, na kwenye hiyo hiyo telefone.

Sasa nije kwenye afishi zenyewe. Zipo. Nimeona kadhaa hapa mjini, za mashirika na za vijana wenye moyo mzuri, siwataji majina juu nia yao ni safi na sitaki kumwaibisha mtu. Lakini karibu zote zinafanana. Mzungu amekaa gizani, telefone inamwangazia uso, mikono imefungwa na mnyororo, nyuma kweusi, juu kuna sentensi ndefu ya Kifaransa, chini kuna logo tano za wafadhili. Picha imetolewa kwenye intaneti. Na inazungukia wapi? Kwenye WhatsApp! Unaambiwa weka telefone chini, na hilo neno unalisoma kwenye telefone, kati ya video ya mpira na video ya mahubiri, kidole kinapita, sekunde moja, imeisha. Hata ile iliyochapishwa kwenye karatasi inabandikwa ndani ya ofisi ambako watu wanaoingia ni walewale waliohudhuria semineri. Mama wa marashe ya Kenya hajaiona, shofere wa taksi-basi hajaiona, na yule mtoto wa forfe ya usiku njo kabisa.

Kuna kitu kingine kwenye zile picha ambacho watu wa kazi yangu wanapaswa kukifikiria kwa nguvu, njo ile telefone inayong'aa. Mwaka huu tulikuwa na kikundi kidogo cha vijana wanaojifunza kuchora, tukakubaliana kwamba hatupaki kitu ukutani kabla ya kuonyesha mchoro kwa watu ambao hatukuwaeleza kitu, tunawauliza tu wanaona nini. Mmoja wa vijana alileta mchoro mzuri sana, sahani ya bukari katikati, sombe pembeni, mikono ya familia, na karibu na sahani telefone yenye mwangaza wa njano unaotoka kama jua. Tukaenda nao kwa mama mmoja mwenye kabine ya kuuza inite za telefone, chini ya parasoli yake.

“Mama, samahani, hapa unaona nini?”

Akaangalia, akatabasamu. “Ee mwanangu, ni promosyo. Ukinunua mega unashinda chakula?”

Yule kijana akabaki anaangalia chini, mimi nikamwambia mdogo wangu usihuzunike, mama ametufanyia kazi ya bure. Juu alikuwa na haki: tumezoeshwa kwamba kitu kinachong'aa kinauzwa. Kijana akachora upya. Safari hii bukari ikapewa rangi yote, mvuke, mboga ya kijani, kikombe chekundu cha maji, sura za watoto, na telefone ikawa kipande cheusi kisicho na kitu ndani, iko mkononi mwa papa, na kutoka pale kwenye mkono rangi inaanza kupotea, kiwiko kijivu, bega kijivu, uso wa papa kijivu kabisa, macho hayana mboni. Tukarudi kwa yule mama, hajui kama ni mchoro uleule. Aliushika muda mrefu. Akauliza, “Juu ya nini huyu papa hayuko?” Hatukuwa tumemwambia neno hata moja. Halafu akaita jirani yake anayeuza maandazi, aje aone, wakaanza kubishana kama ni papa wa nani kwenye avenyu yao, na wateja wawili wakaingia kwenye mabishano, mmoja akasema si ba papa tu, na ba mama mnaofanya ba live nanyi muchorwe.

Hapo njo nilipoelewa vizuri zaidi kitu ambacho mji wetu ulikijua zamani. Lubumbashi ni mji wa picha, Bwana Mhariri, na hatuvuni kitu kutoka kwenye ule urithi. Pierre Romain-Desfossés alifungua warsha yake ya uchoraji hapa 1946 na mule wakatoka wachoraji kina Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Laurent Moonens akaanzisha ekole ya sanaa mwaka 1951. Lakini mimi nafikiria zaidi wale waliopaka kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida, kama Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, aliyepaka historia ya nchi yetu kwenye kitambaa cha magunia ya unga miaka ya 70, akaandika maneno ndani ya picha, na akizieleza alikuwa anazieleza kwa Kiswahili cha hapa. Picha zile zilikuwa zinatundikwa saloni, mgeni akija anauliza, mwenye nyumba anajibu, mjomba anakataa, hapana haikuwa vile, na jioni inapita watu wanaongea. Kuongea huko njo kazi ya picha. Afishi ya mnyororo haikupi kitu cha kusema, imeshasema yenyewe yote, na kwa lugha ambayo nusu ya parseli haiielewi.

Na Mamba Muntu? Wazee wenu wanamjua vizuri. Miaka ya 60 na 70 alikuwa kwenye kuta za nyumba nyingi hapa, juu mwanamke mzuri wa nywele ndefu, chini samaki, saa kwenye mkono. Wanasimulia kwamba mtu akiokota kitana chake ama nywele zake, usiku anamtokea, anamwahidi utajiri, ila lazima atunze siri, na polepole yule mtu anakuwa wake, hana tena mke wala ndugu. Mimi nataka mchoraji mmoja mwenye mkono mzuri atuchoree Mamba Muntu wa leo, badala ya kitana ameshika telefone, na yule mwanaume kwenye ukingo wa maji amenyoosha mkono kuipokea, nyuma yake nyumba, mlango wazi, taa inawaka, mke amesimama. Hakuna mtu wa Lubumbashi mwenye umri wangu kwenda juu atakayehitaji kuelezwa. Najua kuna ba pasta watakaokataa, watasema ni pepo, kuna familia zilitoa zile picha ukutani kwa ajili hiyo walipoingia kwenye maombi, na nawaheshimu, basi hiyo isiwekwe karibu na kanisa, iwekwe kwa kinyozi, ambako watu wanakaa wakingoja zamu na wote wameinamia telefone.

Mahali ni nusu ya kazi. Leo ukipita barabara zetu utakuta nyumba nzima zimepakwa rangi za kampuni za telefone kuanzia chini mpaka kwenye mabati, mwenye nyumba anafurahi juu nyumba imepakwa bure. Silaumu mtu. Ila kama mwenye parseli alitoa kuta nne kwa promosyo, tunaweza kumwomba ukuta mmoja wa pembeni kwa ajili ya watoto wa avenyu yake, na tumuombe kwa heshima, tukae naye, tumwonyeshe mchoro, mke wake aseme rangi gani hataki. Pale kwenye parkingi ya taksi-basi, ukuta unaoangaliana na dirisha, urefu wa macho ya mtu aliyekaa, siyo ya aliyesimama, juu wanaongoja gari lijae wamekaa na njo saa ya kuchungulia telefone bila sababu. Herufi ziwe nene na fupi. Kanuni ya watu wa vibao ni kwamba herufi ya sentimita 10 inasomeka vizuri kwa mita kama 12, ukitaka mtu wa upande wa pili wa barabara asome lazima uongeze, kwa hiyo sentensi ndefu haina nafasi hata kama ni nzuri. Maneno mawili, matatu. Sisi tuliyoyachagua ni haya: “Kula kwanza.” “Telefone ilale saloni.” “Papa, angalia kaye.”

Hii ya tatu njo ninayoipenda kuliko zote, niruhusuni niieleze. Ni mtoto wa kike wa primeri, yunifomu bluu na nyeupe, amesimama pembeni ya kiti, kaye, daftari lake la ekole, imefunguliwa, vidole vinaonyesha mahali mwalimu ameandika 9 juu ya 10 kwa kalamu nyekundu. Papa amekaa kwenye kiti, tunaona mgongo tu na mkono wenye telefone. Uso wa mtoto haulii, tulikataa machozi, anangoja tu na bado anaamini kwamba papa atageuka. Doa jekundu kwenye ukuta mzima ni moja, ile namba 9. Tuliiweka makusudi vile, juu kama wale wa programu wanatumia nyekundu kulivuta jicho letu, nasi tunaweza kulivuta kwenda mahali pengine. Nimeona watu wazima wakiusimamia ule mchoro bila kusema, na mmoja akaniomba nimpigie foto yake. Nikamwambia hapana yaya, kesho leta mtoto wako umwonyeshe hapa hapa. Alicheka lakini alielewa.

Kuna wanaotaka tuwatishe watu. Wananipa mfano wa sigara: Canada ilianza 2001 kuweka picha za mapafu na meno yaliyooza kwenye pakiti, nchi nyingi zikafuata. Ni kweli. Lakini sigara haimpeleki mtoto kusoma wala haileti pesa ya mama, ukimtisha mtu juu ya telefone atakuona muongo ndani ya saa moja, juu atahitaji kuitumia. Mfano unaonifundisha mimi ni wa Australia, ambayo Desemba 2012 iliondoa rangi na logo za kampuni kwenye pakiti za sigara, zote zikawa za rangi moja mbaya ya kahawia na kijani iliyoiva, rangi ambayo watu waliulizwa wakasema hakuna mbaya kuishinda. Kazi ya grafiki pale ilikuwa kupunguza. Nasi tunaweza kupunguza hata bila sheria, telefone nyingi za leo zina mahali pa kugeuza kioo chote kiwe kijivu, unaingia kwenye mipangilio, upande wa aksesibilite, unatafuta mambo ya rangi. Ile alama nyekundu inakuwa kijivu, video zinakuwa kijivu, unabaki na telefone inayopiga, inayotuma pesa, inayosoma, lakini haikuiti tena kwa macho. Na tangu 2018 Android na iPhone zilianza kuonyesha saa ulizotumia kwa siku, watu wengi hawajui hata kama ipo. Tunataka tuchore hatua zile moja moja, kidole na kioo, bila maneno mengi, kwenye ukuta wa mama wa kabine, ili mtu akinunua inite amwombe mama amsaidie. Mama yule tayari anasaidia watu mambo magumu kuliko hayo, na akiwa upande wetu hatuhitaji semineri.

Wengine kwenye kikundi walitaka tuweke pia habari ya kobalti, kwamba batri ya hiyo telefone ina madini yanayochimbwa Kolwezi, kwamba Kongo njo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, malori yanapita hapa yakielekea mpaka wa Kasumbalesa na faida hatuioni. Nawaelewa kabisa, ni uchungu wetu sote. Lakini nilisema tuipe ukuta wake. Picha moja ikibeba kesi mbili, mtu anaondoka hana hata moja, na mtoto wa forfe ya usiku ataona tu kwamba watu wazima wanagombana tena juu ya madini.

Sasa maombi yangu, na ninayaomba kwa moyo wote. Kwa ba burgumestre wa komini zetu, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, Anekse na komini ya Lubumbashi yenyewe: tunapokuja kuomba ruhusa ya ukuta wa ekole ama wa soko, msitulipishe takse ileile ya promosyo ya biashara, hatuuzi kitu. Kwa ba direkta wa ekole: msitupe ukuta wa nyuma karibu na vyoo, tupeni ule wa mlango ambako wazazi wanangojea watoto, juu hizi picha ni za wazazi kwanza. Kwa mashirika yanayotaka kusaidia: mpakaji wa ukuta ni fundi, anapanda ngazi, ananunua burashi, alipwe, asiambiwe atapata kujulikana. Na logo tano tafadhali hapana, moja ndogo chini inatosha, ama hakuna. Kwa watayarishaji wa Biennale ya Lubumbashi, yale maonyesho makubwa ya sanaa, inayofanyika tangu 2008 na inayoleta wageni kutoka dunia nzima, wawape wapaka vibao wa mitaani kuta chache na waje waketi pale kusikia watu wanavyobishana.

Na kwenu, Bwana Mhariri, naomba robo ya ukurasa, mara moja kwa wiki, pale mnapoweka matangazo ya vifo ama karibu na matokeo ya mpira, juu huko njo watu wote wanafika hata wasiosoma habari za siasa. Tutawaletea mchoro mmoja kila wiki na maneno yake machache, na chini yake muache nafasi tupu ya mistari miwili ambapo msomaji anaweza kuandika kwa kalamu ni nani kwenye nyumba yake anayemfikiria, halafu aibandike ukutani kwake. Najua gazeti lenu linachapishwa nyeusi na nyeupe, hilo halitusumbui, tumechora zile za gazeti bila rangi tangu mwanzo, telefone nyeusi, sahani nyeupe. Niambieni tu upana wa kolona kwa sentimita na siku mnayofunga kurasa, maketi ya kwanza iko tayari, ni ile ya kaye.

Grafisti, komini ya Kenya, Lubumbashi